Mchezo wa mahakama kwa Kihindi uachwe ulivyo

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyelalamika kwamba kikundi cha maigizo cha mtaani kwetu, hapa Mombasa, kimeamua kuonyesha katika ukumbi wa jumuiya mchezo wa Kihindi unaohusu kesi mahakamani. Malalamiko yake, nikiyafupisha kwa uadilifu, ni kwamba wakazi wengi hawatafahamu lugha. Kwamba ikiwa ni lazima mchezo huo uonyeshwe, basi utafsiriwe papo kwa papo, au uhamishiwe Mombasa na wahusika wapewe majina ya kwetu. Na kwamba kisa chenyewe, cha mwalimu asiyeolewa aliyepata mimba, hakifai kutazamwa na watu wa rika mbalimbali walioketi pamoja. Mimi si mwanachama wa kikundi hicho. Nilikuwa karani na mkalimani wa mahakama hadi nilipostaafu, na vijana hao waliniomba niwatazamie mambo ya kimahakama, nami nikapata nafasi ya kuisoma tamthilia nzima na kuhudhuria mazoezi yao. Maoni yangu ni kwamba mchezo huo uachwe katika Kihindi chake na katika Bombay yake, kwa kuwa kila ushauri niliousikia wa kuurahisisha utauondolea kile kinachoufanya ustahili kuonyeshwa kwa majirani.

Tamthilia yenyewe ni Khamosh! Adalat Jaari Hai, yaani kimya, mahakama inaendelea. Vijay Tendulkar aliiandika kwa Kimarathi mwaka 1963, na ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1967 na kikundi cha Rangayan cha Bombay, Arvind Deshpande akiwa mwongozaji na Sulabha Deshpande akiigiza kama Leela Benare, yule mwalimu. Tafsiri ya Kihindi ndiyo iliyoitoa nje ya eneo la Wamarathi, na ndiyo wanayoitumia vijana wetu. Mwandishi alipata kueleza kwamba wazo lilimjia alipokutana na waigizaji wa ridhaa waliokuwa njiani kwenda Vile Parle, kitongoji cha Bombay, kuonyesha kesi ya kuigiza. Nalitaja hilo kwa sababu msomaji mwenzangu ameandika kana kwamba huu ni mchezo wa majumba makubwa ulioangukia pabaya, hali asili yake ni watu wa namna ya hawa wa kwetu, wenye kazi zao mchana na maigizo yao jioni, wanaobeba viti wenyewe.

Kisa ni hiki. Kikundi cha waigizaji wa ridhaa kutoka Bombay kinafika kijijini kuonyesha, usiku huo, kesi ya kubuni ambamo mshtakiwa ni Rais Johnson wa Marekani, kwa kosa la kutengeneza silaha za nyuklia. Wamefika mapema, ukumbi ni mtupu, baadhi ya wenzao hawakuja, na mwanakijiji mpole aitwaye Samant, ambaye itabidi ajaze nafasi ya mmoja wao, hajapata kuona mahakama maishani mwake. Ili kumfundisha na kupitisha muda, wanakubaliana kuendesha kesi nyingine ya mzaha, na wanamchagua mwenzao Benare awe mshtakiwa, kwa shtaka la kuua mtoto mchanga chini ya kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu ya India. Hakuna anayekusudia ubaya, au ndivyo wanavyojiambia. Lakini kila shahidi anayepanda kizimbani analeta kitu kidogo alichokisikia, alichokiona mlangoni au alichokidhania, na kabla kesi haijafika mwisho ukumbi mzima umejua kwamba Benare ana mimba ya Profesa Damle, mwanamume mwenye mke na watoto, ambaye ni mmoja wa wale ambao hawakuja.

Kwa mtu aliyezeekea mbele ya meza ya hakimu, uhondo wa mchezo huu ni jinsi kila utaratibu unavyotajwa kwa heshima na kisha kuvunjwa. Wakili Sukhatme, ambaye wateja wamemkimbia, anaongoza mashtaka, halafu anajitwika pia utetezi wa mtu yule yule anayemshtaki, na utetezi huo, kama mtakavyoona, haumchukui muda. Kashikar, aliyekalia kiti cha jaji huku akitafuta kijiti chake cha kuchokolea masikio, anateremka kutoka kitini, anakwenda kutoa ushahidi kama shahidi wa kesi anayoiamua mwenyewe, kisha anarudi kukaa. Mkewe anatoa ushahidi ambao kiini chake ni kwamba mwanamke wa umri ule asiyeolewa lazima ana jambo. Samant masikini, ambaye hajui lolote na hana nia mbaya na mtu, anatoa ushahidi wake kutoka katika riwaya aliyoishika mkononi, na ushahidi huo wa kitabuni unapokewa kwa uzito ule ule wa mwingine. Viapo vinaapwa juu ya kamusi. Karibu kila linalosemwa ni la kusikia kwa watu, na mahakama yoyote ya Nairobi au Delhi ingelitupa nje kabla mwandishi hajainua kalamu, kwa kuwa sheria yetu ya ushahidi ya mwaka 1963, Sura ya 80, imechota sehemu kubwa ya mwili wake katika ile ya India ya mwaka 1872.

Mwisho wake jaji anatoa hukumu. Mshtakiwa aliletwa kizimbani kwa kosa la kuua mtoto, na hukumu anayopewa ni kwamba mtoto aliye tumboni mwake aangamizwe. Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi na bado sijaona mahali pengine ambapo mahakama, hata ya mzaha, imeamuru kwa kinywa chake kosa lile lile iliyokutana ili kuliadhibu, tena bila hata mmoja wa waliomo ukumbini kugutuka. Yafaa watazamaji wakumbuke kwamba India ya mwaka 1963 ilikuwa bado inahesabu utoaji mimba kuwa jinai chini ya kifungu cha 312, na kwamba sheria ya kuuruhusu kwa masharti ya kitabibu ilipitishwa mwaka 1971. Kwa hiyo jaji Kashikar anaamuru jambo ambalo mahakama halisi ya nchi yake ingemfunga mtu kwa kulitenda.

Sasa niingie katika suala la lugha, ambalo ndilo msomaji mwenzangu aliloliwekea mkazo. Anasema Kihindi ni lugha ya Wahindi, na kwamba kuonyesha mchezo kwa lugha hiyo katika ukumbi wa watu wote ni kuwafungia mlango wengine. Ningemwomba awaulize Wahindi wenyewe wa Mombasa wanazungumza nini nyumbani. Wengi watamjibu kwamba wanazungumza Kigujarati. Wakhoja na Wabadala, ambao ni Wahindi wa Kiislamu, watamtajia Kikutchi. Walio wazao wa mafundi wa reli watamwambia Kipunjabi. Hao nao, kama sisi, Kihindi hawakunyonya nacho. Wamekisikia kwenye filamu na nyimbo. Sisi wengine wa pwani tumekipata katika chemchemi hiyo hiyo, kwa kuwa waliokuwa wakipanga foleni kwenye sinema za Regal, Naaz na Majestic hawakuwa Wahindi peke yao, na marehemu Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu, alijengea jina lake kubwa juu ya tungo za Kiswahili zilizoimbwa kwa mahadhi ya filamu za Kihindi. Katika ukumbi ule, basi, bibi wa Kigujarati na bibi wa mtaa wa Kibokoni watakaa wakiwa na umbali unaokaribiana na lugha inayosemwa jukwaani, kila mmoja akishika neno hapa na kulikosa jingine pale. Mchezo ungalikuwa wa Kigujarati, nusu ya ukumbi ingalikuwa nyumbani na nusu ingalikuwa wageni. Ungalikuwa wa Kiswahili fasaha, wazee wengi wa upande wa pili wangalitikisa kichwa kwa adabu tu. Sikumbuki lugha nyingine, ukiacha Kiingereza ambacho kina baridi yake, iwezayo kuwakalisha watu hawa safu moja bila mmoja kuwa mwenyeji wa mwingine.

Wala hoja ya ugeni hainishawishi. Serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44 mwaka 2017, lakini hata bila tangazo hilo kizimba cha Bombay si kigeni kwetu kwa maana ya sheria. Tangu mwaka 1897 hadi mwaka 1930 Kanuni ya Adhabu ya India ndiyo iliyotumika katika nchi hii, na mtu aliyefikishwa Mahakama Kuu kwa mauaji katika miaka hiyo alishtakiwa kwa kifungu cha 302, kile kile atakachosomewa Benare. Kutoka Zanzibar, mwishoni mwa karne ya 19, rufaa za mahakama ya Waingereza zilivuka bahari kwenda kusikilizwa katika Mahakama Kuu ya Bombay. Kijana mmoja katika mazoezi, mwenye bidii ya kusoma habari, alipendekeza nambari ya kifungu ibadilishwe, kwa kuwa India ilianza kutumia kanuni mpya ya adhabu tarehe 1 Julai 2024 na mauaji sasa yako katika kifungu cha 103. Habari zake ni sahihi, lakini nilimshauri aiache 302 mahali pake. Kesi hii ni ya miaka ya 1960, na zaidi ya hayo, kila aliyetazama filamu za Kihindi amesikia jaji akitamka dafa 302, yaani kifungu cha 302, na anajua, bila kutafsiriwa, kwamba mtu anakaribia kunyongwa.

Kuhusu kutafsiri papo kwa papo, nazungumza kama mtu aliyeifanya kazi hiyo kwa mshahara. Mkalimani wa mahakama husubiri sentensi iishe, akaitafsiri, kisha akasubiri jibu, akalitafsiri nalo, na kesi ya saa moja hula saa mbili. Mahakamani hilo ni la haki, kwa sababu uhai au uhuru wa mtu unategemea aelewe. Jukwaani litaua mzaha wa sehemu ya kwanza, kwa kuwa mzaha unaochelewa hauchekeshi mtu, na litaua kabisa mahali ambapo mchezo mzima unaelekea. Kabla ya hukumu, jaji anampa Benare sekunde kumi ajitetee. Hapo waigizaji wengine wote wanaganda kama walivyo, na Benare, ambaye kwa muda mrefu amekuwa kimya, anasema maneno marefu juu ya maisha yake, juu ya mapenzi yake ya ujanani yaliyomharibikia, juu ya mwili wake na mtoto anayemtaka. Kisha jaji anaamka na kutangaza kwamba muda umekwisha, na watazamaji wanatambua kwamba wenzake hawakusikia hata neno moja. Sisi tulio kwenye viti ndio tuliosikia. Mkalimani akisimama ubavuni pake wakati huo akirudia kila sentensi, atakuwa amemleta jukwaani msikilizaji ambaye mwandishi alikataa kabisa kumweka pale.

Tulichokubaliana badala yake ni kitu cha kawaida. Kila anayeingia atapewa karatasi ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili, yenye majina ya wahusika, uhusiano wao na muhtasari wa kila moja ya sehemu tatu za mchezo. Na kabla pazia halijafunguliwa kwa kila sehemu, mmoja wa vijana atasoma aya moja kwa sauti, kwa ajili ya wale waliosahau miwani. Zaidi ya hapo, macho yatafanya kazi. Nimekuwa nikimwangalia yule binti anayeigiza kama Benare, ambaye naye Kihindi chake ni cha filamu, akijaribu kuondoka ukumbini katikati ya kesi na kuukuta mlango umefungwa kwa nje, mlango ambao komeo lake lilimuumiza kidole alipoingia, na sidhani kama kuna mtu wa lugha yoyote atakayehitaji kuelezwa pale. Ni kweli kwamba baadhi ya vichekesho vya Sukhatme vitawapita watu. Hasara hiyo naikubali.

Ushauri wa kuuhamishia mchezo Mombasa ndio unaonitia wasiwasi zaidi, ingawa najua umetolewa kwa nia njema. Tuseme Benare amepewa jina la kwetu, anafundisha shule isiyotajwa upande wa Tudor, na Profesa Damle amekuwa mhadhiri mwenye nyumba Nyali. Kabla ya mapumziko ya kwanza ukumbi mzima utakuwa umeshaanza kuulizana ni nani huyu, na kabla ya mapumziko ya pili watakuwa wameshampata, awe yuko au hayuko. Mji huu ni mkubwa kwa ramani na mdogo kwa masikio. Mwalimu fulani ambaye hajaolewa, ambaye hakumkosea mtu, atakwenda sokoni kesho yake na kukuta macho yamemtangulia. Itakuwa kinaya kichungu kama mchezo unaohusu watu wanaomhukumu mwenzao kwa ushahidi wa kusikia utasababisha tumhukumu mwenzetu kwa ushahidi wa kuigizwa. Bombay ya mwaka 1963 iko mbali ya kutosha kumkinga kila mwanamke wa mtaa huu, na iko karibu ya kutosha kwa kila mtazamaji kujiona mwenyewe, akiwa na ujasiri, miongoni mwa mashahidi.

Wapo pia wanaotaka mambo ya filamu yaongezwe: nyundo ya jaji, sauti za ngurumo shahidi anapobabaika, na kitabu kitakatifu kilichofungwa kwa kitambaa chekundu cha kuapia. Nyundo haitumiki katika mahakama za India, wala kiapo cha huko hakidai mtu aweke mkono juu ya kitabu; sheria yao ya viapo ya mwaka 1969 inamtaka shahidi aape kwa jina la Mungu au athibitishe kwa dhati, na basi. Haya ni mazoea ya wapiga picha. Lakini kwa mchezo huu kuna sababu iliyo kubwa kuliko usahihi. Mahakama hii imeundwa kwa samani zilizokutwa ukumbini: meza, viti, na kizimba kilichobuniwa hapo hapo. Umaskini wa vifaa ndio unaowaruhusu waigizaji kusema wakati wowote kwamba wanacheza tu. Mkiwapa nyundo na majoho ya fahari, watazamaji watadhani wanaangalia mahakama inayokosea, na kosa litakuwa la Serikali. Wakiona viti vya kukunjwa na kamusi, watajua kwamba ni watu wa kawaida waliojipa mamlaka kwa jioni moja. Ukumbi wetu, kwa viti vyake vya plastiki na feni linalolalamika, unafaa kuliko jumba lolote la maonyesho nililoingia.

Kuhusu maadili, nakubaliana na msomaji mwenzangu katika jambo moja: watoto wadogo wasiletwe. Kikundi kiliandike hilo kwenye tangazo na walisimamie mlangoni bila kuoneana haya. Kwa watu wazima siafiki. Anasema mchezo unamvunjia heshima mwalimu, lakini Benare ndiye mtu pekee katika kundi lile anayeipenda kazi yake na kuifanya vizuri. Anawahi shuleni na wanafunzi wanampenda. Wanaomhukumu ni wakili asiye na kesi, msomi wa sayansi aliyeanguka mtihani na mwigizaji asiye na jukwaa. Katikati ya kesi inajulikana kwamba uongozi wa shule umeshaamua kumfukuza, na Damle, ambaye mimba ni yake vile vile, hayuko kizimbani. Wazazi wenye mabinti wakubwa, na hasa wenye wavulana wakubwa, wangepata mengi ya kuzungumza wakirudi nyumbani.

Yamebaki mawili ya kiutendaji. Tendulkar alifariki mwaka 2008, na kwa sheria yetu ya hakimiliki kazi ya mwandishi hulindwa kwa miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo ruhusa ya warithi wake na ya mwenye tafsiri ya Kihindi ni lazima ipatikane kwa maandishi kabla tiketi moja haijauzwa, hata kama kiingilio ni cha kununulia maji ya kunywa. Viongozi wa kikundi wameniambia kwamba wanalishughulikia. Nawasihi wasichapishe tangazo kabla ya jibu. La pili ni la muda. Nimesikia kwamba msimamizi wa ukumbi anataka taa zizimwe mapema, na kwamba kuna wazo la kufupisha. Kama ni lazima kupunguza, basi yapunguzwe maongezi ya kufika na kupanga viti katika sehemu ya kwanza, ambayo ni marefu na yanaweza kuvumilia mkasi, na ile hotuba ya Benare ya sekunde kumi isikatwe hata sentensi moja.

Ni mimi msomaji wako,

Karani mstaafu wa mahakama,
Mji wa Kale, Mombasa.